Barua kwa mwanangu: kamba ya babu yako

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza babu alikuwa mtu wa aina gani, nikakujibu alikuwa mkulima, basi. Nimekaa na hilo jibu wiki nzima linanikera, ndo maana nakuandikia.

Jana nilikuwa nasafisha stoo nikaikuta kamba yake ya kupandia. Ile yenye mafundo kila sentimita 75, ndo nafasi ya mstari na mstari wa mahindi, unaivuta huku mwisho wa shamba na kule mwingine unachomeka vijiti hakuna kubahatisha. Sasa karibu na fundo la kumi kuna uzi mwekundu. Mtu asiyejua atadhani ni kiraka. Nafasi kumi ni mita 7.5, na goli la mpira ni mita 7.32, kwahiyo alirudi nyuma sentimita 18 akafunga uzi. Kamba ya shamba ndo hiyohiyo alipimia magoli ya uwanja wa watoto, na mafundi walipokuja kuchimba mtaro wa bomba la maji akawapa hiyohiyo, ikarudi na matope akaifua mwenyewe.

Alikuwa refa wetu pia, wewe hukumkuta na filimbi. Kuna mechi nilimshika shati straika wao ndani ya boksi, dakika zimeisha kabisa, akapuliza penati. Nikamtolea neno bovu, baba yangu mzazi, mbele ya watu wote. Hata hakubadilika sura, akatoa nyekundu. Tukafungwa. Nilidhani nyumbani nitachapwa, kumbe njia nzima kanibebea viatu vyangu mkononi hasemi kitu, tulipofika mlangoni akaniambia kesho mapema tunapanda, lala. Mpaka leo sijui alikuwa amekasirika au la, na nilimnunia siku tatu, ujinga tu.

Lakini usije ukadhani alikuwa malaika maana watu wakifa tunawapaka rangi. Alikuwa mgumu kusema samahani, na nyumbani alikuwa anachelewa mno. Bibi yako alikuwa anasema mimi sikuolewa na mwanaume, niliolewa na kamati. Ya maji, ya shule, ya timu, zote yeye mweka hazina, kwasababu daftari lake lilikuwa halina kufutwafutwa, akikosea anapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Kilichonigusa mimi zaidi ni chupa. Wakati wa mavuno alikuwa anatembea na chupa ya kioo kavu yenye chumvi kavu ndani, anapita kwa majirani hasa wazee na waliofiwa na wenzao, anatia punje za mahindi yao anatikisa weee halafu anaiinua juani. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, anika tena. Ikiachia, hapo unaweza kuanza kufikiria ghala, maana ukiyafungia na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi yanaota ukungu. Mimi ndo nilikuwa namshikia chupa. Shamba letu lenyewe muda huo linasubiri, bibi yako ananung'unika, na kusema ukweli alikuwa na haki, mvua ilishawahi kutukuta bado mahindi yetu yako nje kwasababu tulikuwa tunaanika ya mtu mwingine. Usiku tukayaingiza kwa tochi, watoto wote, yeye anacheka peke yake.

Vijana wameniambia mlingoti mmoja wa goli umeoza chini, wanataka kusimamisha mpya kabla ligi yao haijaanza. Nimewaambia wasubiri likizo yako. Kamba nimeifua imekauka ipo kwenye msumari nyuma ya mlango, uzi bado unaonekana. Njoo ushike ncha moja.

Baba yako