Barua ya wazi kwa vijana mnaojipikia: tangulizeni viungo, chumvi ifuate

Wajukuu zangu,

Baada ya salamu, nawaandikia nyinyi mliokwisha kuondoka majumbani na sasa mnajipikia wenyewe, kwa sababu maswali mnayoniletea kuhusu viungo yamekuwa ya namna moja: manjano hutibu nini, mdalasini hushusha sukari kiasi gani, kitunguu saumu kiliwe asubuhi au usiku. Mnauliza kana kwamba rafu ya viungo ni duka la dawa. Kiungo kinachoingia katika sufuria ya kila siku ni kidogo mno kufanya kazi ya dawa, na faida yake kubwa kwa afya zenu iko mahali ambapo wengi wenu hamjapatazama, yaani kwenye chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyofichika ndani ya mkate, soseji na vyakula vyote vya kiwandani. Ikizidi, shinikizo la damu hupanda, na moyo na figo huumia polepole bila mwenyewe kujua. Lakini chakula kilichopunguzwa chumvi pasipo kuongezwa kitu kingine huwa dufu, na hakuna anayekivumilia kwa muda mrefu. Hapo ndipo viungo vinapohitajika. Kaangeni bizari nyembamba ikiwa nzima katika mafuta kidogo, mpaka inukie na ianze kuiva rangi, kisha ndipo mtie vitunguu, nyanya na dengu au maharage yenu. Sufuria ikishaepuliwa, kamulieni ndimu, nyunyizeni kotimiri iliyokatwakatwa, muonje, halafu ndipo mshike chumvi. Anayeonja baada ya ndimu hutia chumvi kidogo kuliko anayeitia mwanzoni kwa mazoea.

Kwa sababu hiyo hiyo, vitazameni kwa jicho kali vidonge vya mchuzi na unga wa viungo uliochanganywa tayari. Kwenye lebo, viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika bidhaa nyingi za aina hii mtaikuta chumvi mwanzoni kabisa. Siwaambii mvitupe, maana najua uchovu wa kurudi kazini jioni. Ila kidonge kikiingia sufuriani, kopo la chumvi lisifunguliwe.

Mnaponunua, chagueni viungo vizima kila inapowezekana. Harufu yake imo katika mafuta mepesi ambayo huanza kupotea hewani mara tu kiungo kinaposagwa, na zaidi ya hapo, punje nzima ni vigumu kuighushi kuliko unga. Mwaka 2005, nchini Uingereza, mamia ya bidhaa za chakula ziliondolewa madukani baada ya unga wa pilipili uliotumika kuzitengeneza kukutwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Mwaka 2023, nchini Marekani, watoto walidhurika kwa madini ya risasi yaliyokuwamo katika rojo ya matofaa iliyotiwa mdalasini, na chanzo kilikuwa mdalasini wenyewe. Manjano yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa huko Bangladeshi watafiti waligundua kwamba hata mizizi mikavu ilikuwa ikisuguliwa kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili ing'ae. Kwa hiyo msivutwe na manjano yanayong'aa kupita kiasi, na mkipata mizizi mibichi, chukueni hiyo.

Mdalasini nao si mmoja. Ule uitwao kasia una gome nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja mpana, na huwa na kumarini, kemikali ambayo ikizidi huweza kuliumiza ini la baadhi ya watu. Mdalasini wa Sri Lanka una magome membamba kama karatasi, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kijiti kimoja, na huvunjika kwa vidole. Kumarini yake ni kidogo sana. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukivuka. Kipande kimoja ndani ya chungu cha familia hakina neno. Ninaowasema ni wale wanaotia kijiko kizima katika uji kila asubuhi wakidhani wanajitibu. Kungumanga nayo ni ya kukwangua kidogo tu, kwani ikiliwa kwa vijiko huleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio na hata kuona mambo yasiyokuwapo.

Kitunguu saumu kipondeni, mkiache dakika kumi hivi kabla ya kukikaanga, kwa kuwa alisini, kemikali inayokipa harufu yake kali, hutokea kinapopondwa, na moto wa mapema huzuia isitokee. Majani mabichi, kama mnanaa, rehani na kotimiri, yatiwe mwishoni. Hayo hayana mengi ya kueleza.

Nawaomba pia muache kutikisa kopo la viungo juu ya sufuria inayofuka. Mvuke huingia ndani, unga hugandamana, na unyevu huo huleta ukungu, ambao baadhi yake hutoa sumu ya aflatoksini isiyoondolewa na mapishi ya kawaida. Chukueni kiasi kwa kijiko kikavu, na kopo likae mbali na jiko.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, asile mafungu makubwa ya majani mabichi leo na kesho asile kabisa, kwa sababu vitamini K iliyomo huingiliana na dawa hiyo. Ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Ama vidonge vya manjano, tangawizi au kitunguu saumu vinavyouzwa kama virutubisho, asivimeze kabla ya kumuuliza daktari wake.

Ni mimi,
Bibi yenu