Kwa mwanangu, kuhusu ile epo

Mwanangu,

Marahaba mama, shikamoo yako aliniletea baba yako. Nakuandikia kwa barua maana simu hapo bweni mmekatazwa, na kwa simu ya matroni siwezi kuongea haya huku wenzako wamepanga foleni nyuma yako.

Unaikumbuka ile epo? Ulikuwa darasa la pili, mimi nina miezi mitatu tu ndani ya nyumba ya baba yako. Nikakata epo vipande, nikala kimoja kwanza ili uone, nikakusogezea sahani. Ukachukua kipande, ukakigeuza, ukaangalia ganda, ukakirudisha. Nikauliza vipi mama, ukanijibu taratibu kabisa, "Anti, hata yule malkia alikula upande mweupe, sumu ilikuwa upande mwekundu." Mtoto wa miaka saba! Nilicheka mbele yako halafu nikaenda jikoni nikalia, na siku hiyo hata kitunguu sikuwa nakata.

Usiku ule nikaingia kwenye simu kuitafuta hiyo Snow White, hadithi ya malkia na epo la sumu, imetoka wapi. Kumbe ni hadithi ya Wajerumani, waliyoichapisha wale ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812. Sasa sikiliza. Kwenye kitabu chao cha kwanza hakuna mama wa kambo pale. Aliyemtuma mwindaji akamuue mtoto, amletee mapafu na ini, vikapikwa na chumvi akala akidhani ni vya huyo mtoto, ni mama mzazi, yule yule aliyeomba apate mtoto mweupe kama theluji. Toleo la 1819 ndio mama mzazi anakufa mapema, anaingia mke mpya na kioo chake. Hansel na Gretel hivyo hivyo, wa kutaka watoto watupwe msituni alikuwa mama yao, mpaka toleo la 1840 ndio akawa wa kambo. Wilhelm ndiye aliyekuwa anazirekebisha sana hizo hadithi, na vitabu vilikuwa vinasomewa watoto majumbani, basi naona ikawa haisemeki kwamba mama aliyezaa anaweza. Na wao wenyewe walifiwa na baba Jacob ana miaka 11 tu, mama yao akabaki na watoto sita. Hata mimi ningemlinda mama wa hivyo, lakini mzigo wakaubeba kina sisi, mpaka leo timu ikinyimwa penati mashabiki wanasema tumefanywa watoto wa kambo.

Sisemi wabaya hawapo. Enzi zile wanawake walikuwa wanafia uzazini sana, mume anaoa haraka maana watoto watalelewa na nani, mke mpya anakuja na wake au anazaa wake, chakula kidogo, urithi ni ule ule. Kwa Hansel na Gretel ni njaa kwanza, mkate umebaki nusu, uchawi unakuja baadaye huko.

Ila kinachonishangaza ni kina baba (baba yako asisome hapa). Baba yake Hansel anajua kila kitu, analalamika weee, halafu anawapeleka watoto msituni mara mbili, na mwisho wanarudi wanamkumbatia na lulu na vito juu. Cinderella wa hao Grimm baba yake yuko hai kabisa nyumbani, mtoto analala kwenye majivu, na mtoto wa mfalme akiuliza kama kuna binti mwingine anasema hakuna, labda hako kadogo kalikodumaa alikoacha marehemu mke wangu. Kake mwenyewe! Hakuna anayewatisha watoto kwa baba mzazi aliyenyamaza.

Sasa na mimi nina langu. Ile Idi ya mwaka juzi, kuku mmoja, wageni wengi, nikapakua haraka haraka, mdogo wako nikamwekea paja, wewe ukapata shingo na kipande cha mgongo. Nililiona sahani zikiwa tayari mezani. Ningeweza kuzibadilisha, mkono haukunyanyuka, nikajiambia ye bado mdogo. Wewe ukaitafuna ile shingo mpaka mfupa, ukasema asante Anti. Shangazi yako naye aliona, hakusema kitu, na nadhani hakusahau. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo kwa hiyo nakuomba hapa, na wala usiache kuniita Anti kwa sababu ya barua hii, nimeshalizoea jina.

Jumapili ya kutembelewa nakuja na mdogo wako. Kuku nitamkaanga, utachagua mwenyewe kabla hajagusa mtu. Epo nitaleta zima na kisu.

Ile soksi nyeupe ilikuwa nyuma ya kabati, nimeshaifua.

Anti