Vifaranga 9 aliowaacha

Mwanangu Rukia,

Salamu kwako na kwa bibi. Ameniambia kwa simu kwamba kuku mwekundu amekufa, ameacha vifaranga 9 wa wiki mbili, na kwamba umemzika mwenyewe chini ya mwembe ukakataa kula. Lia, mwanangu. Atakayekwambia "kuku tu huyo" usibishane naye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapulizia vifaranga upepo wa kuwakera huku mama yao akitazama. Mapigo ya moyo wa mama yaliongezeka, akawa macho zaidi, akazidisha kuwaita. Kiumbe kinachosikia taabu ya mtoto wake kinastahili machozi yako, na hao watoto wake wanastahili mikono yako leo hii.

Anza na joto. Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Wako wanaingia wiki ya tatu, kwa hiyo nyuzi 28 hivi zinatosha. Kipimajoto hakipo, lakini wao wenyewe ni kipimo: wakilaliana wanaona baridi, wakitawanyika na midomo wazi wanaungua, wakisongamana upande mmoja kuna upepo unapenya. Watandikie maranda, unene wa vidole vitatu, wala si unga wa mbao, maana wataudonoa ukawajaa tumboni. Kandili ikae nje ya wavu isiguse maranda. Ukitumia jiko la mkaa, acha dirisha wazi. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua, na wewe na bibi mmo humo. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe, kwa sababu kifaranga akilowa usiku hafiki asubuhi.

Najua utatamani kuwaweka chini ya yule koo mweusi. Usifanye hivyo. Kuku hukubali watoto wa mwenzake wakiwa wa siku chache tu na usiku; hawa wa wiki mbili atawadonoa, nao hawatamfuata. Tena hatujui mama yao alikufa kwa nini, na kwa sababu hiyo wasichanganywe na wengine kwa sasa. Wahudumie kuku wazima kwanza, vifaranga hawa mwisho, kisha unawe kwa sabuni na ubadilishe viatu.

Bibi anasema unajilaumu kwamba hukumtenga mapema. Sikiliza: kuku huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa. Siku ulipomwona amejikunja, huenda alikuwa nao siku nyingi. Kama ni kideri, ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku wengi kwa haraka, hukaa mwilini siku 2 hadi 15 bila dalili, mara nyingi 5 au 6. Jicho lako lisingeweza kukiona. Unachoweza kujifunza ni kuwatazama kila asubuhi unapofungua banda, kabla ya kumwaga chakula: nani ametoka mwisho, nani amesimama pembeni, nani kishungi chake kimepauka.

Akifa mwingine, usimzike papo hapo. Vaa glavu. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichomoza mkali, amekonda muda mrefu, akiwa amejaa nyama, kilichomuua kilikuja haraka. Funua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja, utafute chawa na utitiri. Tazama shingo kama ina alama za meno, kwani kicheche huanzia huko. Kinyesi cha kijani kinaashiria kideri, lakini peke yake hakitoshi, kwa kuwa hata kuku ambaye hajala hutoa kijani. Kiunganishe na mengine: shingo kupinda, mbawa kulegea, kuhema mdomo wazi, na wenzake kufuatana kufa ndani ya siku chache. Kisha afungwe vizuri, awekwe kwenye ndoo yenye barafu, apelekwe kwa afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Asigandishwe, kwa sababu nyama ikiganda na kuyeyuka inaharibika ndani na mpasuaji haoni kitu. Andika yote kwenye daftari la banda, hata kama ni mstari mmoja. Kuku aliyeandikwa hajapotea bure.

Na kaburi la mwembeni, lipime. Likiwa chini ya mita moja ongeza udongo na mawe, mbwa wasifukue. Wengine wazikwe mbali na kisima. Asiliwe aliyekufa mwenyewe, wala asirushiwe mbwa.

Chanjo ya mwisho ya kideri kwenye daftari ina zaidi ya miezi 3. Nitawatumia TEMEVAC, chanjo ya matone ya jicho, ile inayotengenezwa Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini ifungwe kwa kitambaa kibichi na isipigwe jua. Tone moja, jicho moja. Subiri apepese ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3. Wapewe wazima tu, kwani aliyekwisha kuugua kideri chanjo haimwokoi, wala dawa yake haipo. Usiache kuwatazama kwa sababu tu wamechanjwa. Kinga huchukua siku 7 hadi 14 kujengeka.

Kuna la mwisho ambalo ni gumu. Kuku akiwa hawezi kusimama wala kunywa, na afisa amesema haponi, kumwacha siku 3 pembeni si huruma. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kunoa kisu na kumpunguzia taabu anayechinjwa. Kwa hiyo kisu kinolewe mbali naye, achinjwe mahali wenzake hawaoni, akiwa ameshikwa kwa utulivu na kifua kimeegemezwa, si kuning'inizwa kichwa chini kama wabebwavyo kwenye baiskeli za sokoni. Hiyo kazi ni ya babu, si yako. Ukitaka kuwapo, mshike mgongo. Usipotaka, hakuna atakayekulaumu.

Watakaobaki watapigana siku kadhaa. Ngazi ya kudonoana, nani mbele ya nani, ilielezwa mwaka 1921 na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei, na akiondoka mmoja ngazi hupangwa upya. Damu ikitoka, mtenge aliyejeruhiwa, kwa sababu wataendelea kudonoa pekundu hadi wamuue. Usilete kuku mgeni kabla mwezi haujapita tangu kifo cha mwisho. Akija, akae peke yake wiki 3, kisha wiki moja waonane kupitia wavu, halafu aingizwe usiku wote wakiwa kwenye vijiti vya kulalia, asubuhi waamke naye. Weka vyombo viwili vya chakula, mbalimbali, asizuiwe kula.

Utakapompata, niandikie ana rangi gani.

Mama yako