Barua kwa wanangu mnaotumwa na kampuni kujitolea nje ya nchi

Wanangu,

Wiki nne mlizopewa ni siku 20 za kazi. Tano za mwanzo zitaliwa na salamu, mafaili na kusubiri nenosiri. Tano za mwisho ni za kukabidhi. Zinabaki 10. Mgeni wa methali hupewa jembe siku ya tatu, ninyi mtalishika siku ya sita, kwa hiyo kazi yenu inaanza kabla ya ndege. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilipoanzisha Corporate Service Corps, mpango wake wa kutuma wafanyakazi kujitolea nje, mwaka 2008, mwezi mmoja wa ugenini ulitanguliwa na takriban miezi mitatu ya maandalizi kwa mbali.

Muda mwingi wa maandalizi uende kwenye hadidu za rejea, yaani maandishi yanayoeleza kazi mtakayoifanya. Zikisema "kuboresha mfumo wa ghala", zirudisheni. Zinatakiwa zitaje kitu cha kushikika: mwongozo wa kupokea na kutoa bidhaa, pamoja na wafanyakazi wawili wanaoweza kuutumia peke yao. Zitaje pia nani wa upande wa mwenyeji atafanya kazi nanyi kila siku, ni takwimu zipi mtapewa na lini, na yapi hayamo. Kisha ombeni kuzungumza na huyo mfanyakazi mwenyewe. Mara nyingi ombi limeandikwa na mkurugenzi, na aliye ghalani ana tatizo jingine kabisa. Hilo mkiligundua siku ya nane, mmekwisha.

Ulizeni wanatumia nini sasa. Kama ni daftari la kalamu, anzeni na safu za daftari hilo kabla ya kufikiria programu. Programu yenye ada ya kila mwaka hufa siku ada inapodaiwa, na asiyejua kuirekebisha hurudi kwenye daftari lake, tena akiwa na haki.

Karatasi sasa. Kukosa mshahara hakukufanyi uwe mtalii. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi, hivyo uliza ubalozi kwa maandishi ni viza gani inayokuhusu. Barua ya mwaliko na fomu ya viza ziseme jambo moja: barua ikisema "kufundisha" na fomu "mkutano", afisa wa uhamiaji ana kila sababu ya kukuweka kando. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Kwa kampuni yako, dai barua inayosema mshahara unaendelea, likizo haikatwi, na nani anashika meza yako. Bila hiyo, bosi atakupigia simu usiku kwa saa za kwenu, nawe utakuwa na kazi mbili.

Bima isomeni mpaka maandishi madogo. Nyingi za safari hazigusi ajali ya pikipiki, na baadhi hazigusi kazi. Iwepo pia gharama ya kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali yenye uwezo.

Kwa daktari nendeni wiki nne hadi sita kabla. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Atakayechanjwa jioni ya kuamkia safari anaweza kurudishwa mpakani akiwa na cheti mkononi. Kwa waendao kwenye malaria, kosa kubwa ni kuacha dawa mkishafika nyumbani. Doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kutoka, kwa sababu vimelea vinaweza kuwa bado vimejificha kwenye ini, mahali ambapo dawa hiyo haiwafikii vizuri. Atovakwoni na proguanili hushambulia hadi humo, ndiyo maana siku saba zinatosha.

Mkifika, msiahidi fedha wala vifaa vya kampuni, hata kwa mzaha. Mwenyeji akicheka nanyi, huenda anaandika. Picha za watu ziombeni ruhusa, hasa za watoto na wagonjwa. Idara ya mawasiliano itazitaka kuliko ripoti yenu, na kukataa ni kazi yenu.

Kuanzia siku ya kwanza, kibodi iwe mbele ya mwenyeji, si mbele yenu. Ni polepole na inachosha, na kijana mwenye wepesi wa vidole atatamani kumnyang'anya. Ajizuie. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya taasisi, kamwe zisiwe za mgeni, maana mkiondoka nenosiri linaondoka nanyi. Siku ya 17 mwacheni afanye mzunguko mzima, tangu kupokea bidhaa hadi taarifa ya mwisho wa siku, nanyi mkiwa chumba kingine. Atakapokwama ndipo palipo na pengo kwenye mwongozo, na bado mna siku tatu za kuliziba.

Miezi mitatu baada ya kurudi, mpigieni. Msimuulize kama mradi unaendelea vizuri, kwa adabu atasema ndiyo. Mwombeni awasomee kilichoandikwa jana.