Nchi kavu ya Dodoma ina kazi ya picha, tujifunze

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wenye kamera wa Dodoma na Singida, na pia na ofisi na hoteli zinazohitaji picha. Mapokezi ya majengo mengi mapya hapa makao makuu yamepambwa kwa Mlima Kilimanjaro au nyumbu wa Serengeti, picha iliyopakuliwa bure mtandaoni na kuvutwa mpaka imepasuka. Mbuyu, mawe makubwa na makorongo ya mchanga yaliyo nusu saa tu kwa bodaboda hayapo ukutani. Na kijana aliyenunua kamera atakwambia hapa hakuna mandhari, ni ukame mtupu, hivyo anasubiri harusi na mahafali.

Sikubaliani nao. Picha za mandhari na za safari za porini ni ufundi kamili, na nchi hii inaulipa ufundi huo kwa anayeijua. Tatizo ni kwamba masomo mengi ya kwenye video yametungwa kwa nchi za baridi, na mtu akiyafuata hapa bila kuyapima anarudi na picha bapa, kisha analaumu Dodoma.

Tuanze na jua. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza likipanda karibu wima. London mwezi Machi jua huchukua kama dakika 40 kupanda nyuzi 6 za kwanza. Hapa ni dakika 25 hivi. Mwanga laini wa dhahabu ambao mafunzo ya Ulaya yanaupa saa nzima, kwetu haufiki nusu saa. Hakuna muda wa kutafuta mahali pa kusimama jua likishatoka. Mahali huchaguliwa jana yake jioni, alama ikawekwa kwenye simu, na asubuhi unafika giza bado lipo, dakika 45 kabla ya jua. Mwezi Julai linachomoza Dodoma karibu saa 12:50 asubuhi, mwanzoni mwa Novemba karibu saa 12:10, na tofauti hiyo ya dakika 40 imewakosesha wengi picha. Kabla halijatoka, geuka pia uangalie magharibi: juu kidogo ya upeo kuna mkanda wa rangi ya waridi unaodumu dakika chache tu, na mawe ya Dodoma hupendeza sana chini yake.

Mchana ni habari nyingine. Karibu na tarehe 5 Machi na 9 Oktoba jua hupita utosini kabisa, kati ya saa 6:25 na 6:50 mchana, na miamba hukosa kivuli cha kuipa umbo. Tumia saa hizo kutafuta maeneo na kuhamisha mafaili. Tena kuanzia saa 4 asubuhi hivi joto la ardhi hutikisa hewa. Ukipiga uwanda wa Bahi kwa lenzi ya milimita 200 wakati huo, miti ya mbali itaonekana kama iko chini ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoponya hilo. Lenzi ndefu ni ya alfajiri.

Kuhusu majira, watu hukimbilia kijani cha Februari. Kwangu mimi wiki bora ni zile za mvua za kwanza, kwa kawaida Desemba: hewa imesafishwa vumbi na moshi wa mashamba, udongo bado ni mwekundu, mibuyu inaanza kuchipua, na alasiri mawingu yanajenga minara. Kiangazi nacho kina yake. Mibuyu imepukutisha majani, matawi yanaonekana yote, na usiku anga ni safi.

Hapo ndipo penye kazi ambayo wageni wanailipia, yaani mbuyu na Njia Nyeupe ya nyota. Katikati ya Agosti kiini cha Njia Nyeupe hufika juu kabisa karibu saa 3 usiku, nyuzi 67 hivi kutoka upeo wa kusini. Usiupige picha mbuyu saa hiyo. Lenzi ya milimita 24 haitashika shina na kiini kwa pamoja ila ukisimama mbali mno. Subiri mpaka baada ya saa 6 usiku, kiini kikishuka hadi nyuzi 35 hivi kusini magharibi, nawe usimame kaskazini mashariki mwa mti. Chagua usiku usio na mwezi, na uwe mbali na taa za jiji. Fungua lenzi f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia), ISO 3200 (kiasi cha kamera kuhisi mwanga), sekunde 15. Kanuni ya kugawa 500 kwa milimita za lenzi ili kupata sekunde za juu kabisa, inayompa mwenye lenzi ya 20 sekunde 25, ilitoka enzi za filamu. Kwenye kamera ya pikseli milioni 24 nyota zitaanza kuwa vijistari virefu. Fokasi iwe ya mkono: elekeza kwenye nyota angavu, kuza kioo cha nyuma mara 10, zungusha mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe kwenye pete ya fokasi isisogee. Usiamini alama ya mwisho iliyochorwa kwenye lenzi. Shina liangazwe kwa tochi hafifu iliyofunikwa tishu, kutoka pembeni, sekunde moja au mbili. Tochi ikitoka upande wa kamera shina linakuwa bapa kama bango.

Kwa mchana, mipangilio si migumu: ISO 100, f/8 hadi f/11, faili la RAW, yaani ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukibana zaidi ya f/16 picha yote inalegea ukali. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea picha), f/11, weka fokasi mita 2 mbele yako, na jiwe lililo mita 1 pamoja na kilima cha mbali vyote vitakuwa wazi. Rangi usiiachie kamera. Udongo mwekundu ukijaa kwenye fremu, kamera hudhani ni taa ya njano na kuivuta picha kwenye ubluu. Udongo wa Mpwapwa unageuka majivu. Weka mwenyewe 5200 hadi 5600 Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, na uiache hapo.

Adui mkubwa wa vifaa hapa ni vumbi. Usibadilishe lenzi umesimama kwenye upepo. Piga magoti, ingiza kamera ndani ya mkoba, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Kila wiki piga picha ya anga tupu kwa f/16, kisha angalia madoa meusi. Yakionekana, tumia kipulizia cha mpira. Ukipuliza kwa mdomo unarusha mate juu ya sensa, na makopo ya hewa ya kubana hutema kimiminika. Kwenye bodaboda mkoba uvaliwe mgongoni, usifungwe kwenye keria, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza skrubu za lenzi na za tripodi. Beba bisibisi ndogo. Jambo moja tunalowazidi wenzetu wa pwani ni ukavu wa hewa, maana kuvu haioti kirahisi ndani ya lenzi. Ila lenzi nyingi za mitumba zinatoka Dar es Salaam, hivyo kabla ya kulipa mulika tochi ndani yake kwa ulalo utafute nyuzi nyeupe kama za buibui.

Tripodi ni muhimu kuliko bodi mpya ya kamera. Kwenye upepo wa Julai na Agosti, tanua miguu na ushushe nguzo ya kati. Mkoba unaoning'inizwa chini yake lazima uguse ardhi, ukiachwa hewani unabembea na kutikisa picha badala ya kuituliza. Zima kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mikono, na utumie kihesabu cha sekunde 2.

Usalama nausema kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku. Mibuyu na mapango ya mawe yana nyuki, kwa hiyo sikiliza kabla ya kupanda. Usiegeshe wala kulala kwenye korongo la mchanga masika, hata kama juu yako hakuna wingu, maana mvua ya mbali inaweza kuleta maji kwa ghafla. Radi zikianza, shuka kutoka juu ya jiwe. Kijijini anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, amkia kwa Kigogo “mbukwenyi”, eleza kazi yako na picha zitakwenda wapi. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na jiji lenye Bunge na uwanja wa ndege, na Ikulu ya Chamwino jirani, si mahali pa kujaribu bahati.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, inataka adabu zaidi. Pitia ofisi iliyopo Kolo, lipa ada, nenda na mwongozaji. Baadhi ya mapango, kama Mungomi wa Kolo, bado wenyeji wanafanyia matambiko. Kumwagia michoro maji ili rangi ing'ae ni kuiharibu kabisa; usifanye wala usikubali kufanyiwa. Subiri saa ambayo jua halipigi ukuta moja kwa moja, weka kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza ili urekebishe rangi baadaye, na utumie tripodi badala ya flashi. Rangi nyekundu iliyofifia huibuka vizuri kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha.

Sasa soko, ambako naona fursa tunayoiacha kila mwaka. Milima ya Irangi, huko Kondoa, iliharibiwa vibaya na mmomonyoko, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Mabadiliko ya ardhi kama hayo yanathibitishwa na picha ya kurudia: mahali palepale, mwezi uleule, saa ileile, mwaka baada ya mwaka. Watafiti, halmashauri na miradi ya mazingira wanaihitaji, na anayeweza kuipiga vizuri ni mkaaji wa hapa. Andika nukta ya GPS, milimita za lenzi, urefu wa kamera kutoka chini na upande inakoelekea, na fremu iwe na jiwe au mwamba usiohama, kwa sababu mti unaweza kukatwa. Anza leo kwenye makorongo, mabwawa na kingo za jiji linalopanuka. Hazina ya picha ndiyo mtaji. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix, Dar es Salaam, mwaka 1963, na jina hilo lilikua pamoja na hazina yake, si kwa picha moja maarufu.

Ila hazina isiyo na maelezo ni takataka. Ndani ya kila faili andika kijiji, kata, wilaya, tarehe na jina lako. Weka nakala 3 katika vifaa 2 tofauti, moja ikae nyumba nyingine.

Kwenye kuuza, usiuze “picha” kwa ujumla. Uza ruhusa ya kuitumia, na uiandike: kalenda ya mwaka mmoja, nakala 500, Tanzania tu, si kwa mabango. Mteja akitaka bango, anarudi na kulipa tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha, lakini kazi ya kuagizwa iwe na mkataba unaosema haki ni ya nani kabla hujatoka nyumbani. Usimtumie mteja faili kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, maana hubanwa hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu, na zikichapwa kwa 200 kwa inchi hazizidi sentimita 20. Faili kamili la pikseli 6000 kwa 4000 linatosha A2 safi. Wengi walioambiwa “picha yako mbaya” walituma faili lililobanwa.

Nanyi mnaonunua, hasa ofisi za Serikali zilizopo Mtumba na hoteli za jijini: mkitangaza zabuni ya kalenda au mapambo, tengeni fungu la picha peke yake, msilifiche ndani ya gharama ya uchapaji. Mchapaji akiachiwa, atapakua bure mtandaoni kwa kuwa kila shilingi ya picha inapunguza faida yake.

Ombi langu la mwisho ni kwa gazeti lako, Mhariri. Kila mnapotoa picha ya mandhari, chini yake wekeni jina la mpiga picha, kijiji na mwezi ilipopigwa, na mlipie hata zile zinazoletwa na wasomaji.

Mpiga picha za mandhari,
Dodoma