Wauzaji waandike nguvu halisi ya spika

Mhariri,

Wazazi wengi hapa Kisumu wanaowanunulia watoto kompyuta ya mezani hubakiwa na pesa kidogo za spika, na ndipo wanapotekwa na maandishi makubwa ya PMPO yanayotaja mamia ya wati. Tarakimu hiyo haina maana kwa mnunuzi, kwa kuwa hudai kueleza kilele cha nguvu cha muda mfupi mno, ilhali kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuhimili mfululizo. Spika inayotegemea umeme wa tundu la kawaida la USB 2.0 hupata volti 5 na ampea 0.5, sawa na wati 2.5 pekee, mamia hayo hutoka wapi?

Kwa chumba kidogo, wati chache za RMS zinatosha. Binafsi ningenunua jozi ya spika mbili nzuri badala ya seti ya bei iyo hiyo yenye wufa, yaani spika ya sauti nzito, ambayo katika nyumba za kupanga huwasumbua majirani kuliko inavyomfaa mwenyewe. Mnunuzi aombe kuijaribu spika dukani kwa simu yake, asikilize sauti ya mtu akizungumza, kisha aiongeze hadi karibu na mwisho ili abaini iwapo inakwaruza.

Naomba shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, liwalazimishe waagizaji kuchapisha RMS kwenye kila kasha.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu