Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wasomaji Waliotujibu

Ndugu wanachama, wazee wetu, na nyote mliosafiri kutoka Nakuru, Kakamega, Busia na Siaya, karibuni Kisumu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Tafakari za Biblia tunazoandika zimetoka mtandaoni kila wiki, hata wakati stima ilipokuwa ikipotea ovyo, na kwa hilo nawashukuru wahariri wa zamu. Lakini ninalotaka tulizungumze leo ni wale waliotujibu, na jinsi tulivyowapokea.

Mapema mwaka huu dada yetu wa Nakuru, mwalimu mstaafu, aliandika juu ya marafiki wa Ayubu. Alikuwa amemzika kaka yake. Hotuba ndefu za akina Elifazi aliziacha, akashika mwisho wa sura ya pili, pale marafiki watatu wanapoketi chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila yeyote kumwambia neno. Akauliza ni nani siku hizi anayeketi na mfiwa baada ya hema kung'olewa na viti vya kukodi kurudishwa.

Wa kwanza kujibu alikuwa dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba, mpakani na Uganda. Mkewe alifariki yeye akiwa safarini, na baada ya mazishi alirudi barabarani upesi kwa sababu mzigo haungoji. Alisema aliisoma tafakari ile kwa sauti, utingo wake akisikiliza, na madereva wa malori ya nyuma wakasogea. Tangu hapo husomeana kila foleni inapokwama. Hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyewahi kuwaza kwamba tuna wasomaji wanaolala ndani ya malori.

Barabara ya Malaba hadi Mombasa inapita Nakuru, kwa hiyo mwalimu na mumewe walimngojea Salgaa, pale malori yanapopumzika, na chupa ya chai na mandazi. Mwalimu ananiambia dereva ndiye aliyezungumza karibu wakati wote, na habari zote zilikuwa za mkewe: alivyoimba, alivyomkemea akichelewa kupiga simu, alivyogombana na majirani kwa ajili ya kuku.

Mwingine aliyejibu alikuwa mama Mwislamu wa Mumias. Mji ule una Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na mama huyo amezaliwa humo. Aliandika kwamba Nabii Ayub kwao ni mfano wa subira, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane. Mwalimu akamuunganisha na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake. Wajane hao wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, wakawa wanapigiana simu jioni, saa ambazo nyumba ya mfiwa huwa ngumu kukaliwa. Ramadhani ilipofika, mama huyo alitualika kwake Mumias kufuturu. Tuliokwenda tulipokelewa kama jamaa.

Wapo waliouliza kwenye kamati kama huku kuwatembelea wasomaji si kutoka nje ya lengo la chama. Naheshimu swali hilo, lakini siafikiani nalo. Waraka wa pili wa Yohana ni mfupi mno, na karibu na mwisho mwandishi anasema ana mengi ya kuandika ila hataki kuyaandika kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika na kuzungumza nao ana kwa ana, ili furaha itimie. Mtume mwenyewe aliona barua haitoshi. Sisi tunaoandika kwa simu hatuna sababu ya kujidai zaidi.

Machache ya tahadhari. Wametujia pia walaghai wenye machozi ya kuomba pesa kwa M-Pesa. Mwanachama asitume chochote peke yake. Ombi lipitie kwa mweka hazina, na mtu atembelewe kwanza. Vilevile, ombi la sala la msomaji lisichapishwe bila ruhusa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya na imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, na hata kama sheria isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni yake.

Kamati inapendekeza sehemu ya ada ya mwaka ujao iwe nauli ya kuwatembelea wasomaji waliofiwa au wanaougua, na kila kaunti iwe na wanachama wawili wa kuwajibu wasomaji tu, wasioandika zamu hiyo. Najua baadhi yenu mngependa fedha hizo zinunue kompyuta. Naomba mpige kura mkimkumbuka yule dereva. Kura itapigwa mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina, na wanaogombea nafasi ya katibu wamwachie msimamizi majina yao kabla ya chakula cha mchana.